Manowari ya kwanza: tazama tumbo, usitazame jina

Likizo inapokaribia, wazazi wengi wa Thika na Ruiru hujiuliza swali moja: watoto watashughulika na nini mchana kutwa? Televisheni ipo, simu ipo, na barabara kuu ya Thika ipo pia, yenye magari yasiyomngoja mtu. Hata hivyo mtoto wa Kenya ni fundi tangu utotoni. Nani kati yetu hajaona gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa likisukumwa kwa ufito mrefu mitaani Makongeni?

Leo, ndugu msomaji, tunakuletea mchezo unaotumia ufundi huo huo, ila uwanja wake ni maji. Ni mchezo wa kuunda manowari ndogo, kuiendesha kwa rimoti na kupigana na manowari ya jirani mpaka mmoja wenu ashindwe. Unafaa wanafunzi wa shule za upili, wavulana kwa wasichana, na mzazi akitaka kushika msumeno hatakatazwa.

Swali la kwanza la kila anayeanza ni hili: niunde meli gani? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ni rahisi kuvutwa na jina lililovuma, ukatumia akiba ya miezi mitatu na jasho la likizo nzima, kisha siku ya kwanza majini meli ikalala ubavu na kuzama kabla adui hajafyatua hata mara moja. Mtoto aliyepatwa na hayo ni vigumu kumrudisha kwenye ufundi. Kwa hivyo tuanze na kuchagua, kuunda kutafuata.

Mchezo ulikotoka

Vita vya manowari za rimoti vilianzia Texas, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wachezaji huiga meli halisi za nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakazipunguza ili kila mita 144 za meli ya kweli ziwe mita moja tu. Mbavu za meli hufunikwa kwa ubao mwembamba wa mti wa balsa, mti mwepesi mno. Ndani huwekwa vibomba vinavyorusha gololi ndogo za chuma kwa nguvu ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Gololi hutoboa ubao, maji huingia, na pampu ndogo hujitahidi kuyatoa. Maji yakiishinda pampu, meli huzama. Mwenyewe huiopoa, akaikausha, akaibandika ubao mpya na kuirudisha vitani.

Huenda ukasema hayo ni mambo ya Wamarekani wenye fedha na maziwa. La hasha! Neno lenyewe manowari ni la mabaharia wa Kiingereza, lililovishwa kanzu ya pwani zamani za kale. Na vita vya manowari vimepiganwa hapa hapa Afrika Mashariki, tena kwa meli ambazo mwanafunzi wa historia anaweza kuziiga moja baada ya nyingine.

Meli za vita vya Rufiji

Mnamo Septemba 20, 1914, wiki chache baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kuanza, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliingia Unguja alfajiri na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikifanyiwa ukarabati. Baada ya hapo Königsberg ilijificha ndani ya mikono ya mto Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, lakini kuigundua ni kitu kimoja na kuifikia ni kingine. Meli yao kubwa ya vita, Goliath, ilikuja na mizinga mizito, ikazuiliwa nje na maji machache. Tumbo lake lilikwenda chini sana.

Ndipo zikaletwa Severn na Mersey. Hizi zilikuwa meli za mtoni, zilizoundwa Uingereza kwa ajili ya nchi ya Brazil na mto wake wa Amazon, kisha zikanunuliwa na serikali ya Uingereza vita vilipozuka. Zilikuwa pana na bapa kama sinia. Zilikokotwa kutoka Malta hadi Mafia, zikapanda mtoni mnamo Julai 6, 1915, zikarudi tena Julai 11, huku ndege zikiwaelekeza wapigaji mizinga kutoka angani. Siku hiyo ya pili Königsberg ilishindwa, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe.

Wajerumani waliopoa mizinga yake kumi, wakaipigania nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Jinja, Uganda, na mwingine Pretoria, Afrika Kusini. Ukienda Mombasa na watoto, wasimamishe mbele ya mzinga huo uwasimulie.

Sasa basi, kati ya meli hizo ni ipi inayofaa kuwa yako ya kwanza? Bila shaka wengi watasema Königsberg, kwa sababu ndiyo yenye hadithi. Wengine watasema Severn, kwa sababu ndiyo iliyoshinda. Kabla hujakata shauri, chukua kalamu.

Hesabu ya 144

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaijua hesabu hii, pengine bila kujua kwamba ina kazi nje ya mtihani. Urefu, upana na kina hugawanywa kwa 144 mara moja. Uzani hugawanywa kwa 144 mara tatu, kwa sababu meli hupungua kwa urefu, kwa upana na kwa kina pia. Hapo ndipo siri ya mchezo mzima ilipo.

Tuanze na Severn. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 81 na upana wa karibu mita 15, lakini ilizama majini mita 1.7 tu. Ukiigawanya utapata mashua ya sentimita 56 ambayo haitakiwi kuzama zaidi ya sentimita moja na nukta mbili. Uzani wake wote, pamoja na ubao, mota na betri, usizidi gramu 420 hivi. Hata betri ndogo ya volti 12 ya aina iliyozibwa hufika kiasi cha nusu kilo. Yaani betri peke yake imekwisha kuizamisha meli kabla hujatia msumari. Kina kile kile kilichoipa Severn ushindi Rufiji ndicho kitakachoiangusha ikiwa ndogo.

Pegasus je? Sentimita 66 kwa urefu, upana usiofika sentimita 8, na uzani wa karibu robo tatu ya kilo. Nayo haikuachii nafasi.

Königsberg ina nafuu kidogo: sentimita 80 kwa urefu, sentimita 9 kwa upana, na uzani wa kilo moja na robo hivi. Lakini tazama umbo lake. Urefu wake ni karibu mara tisa ya upana. Meli kama hiyo hukimbia vizuri ikienda moja kwa moja, ila hukata kona kwa shida, na ukiweka kitu kizito juu ya deki huanza kuyumba kama mlevi. Fundi mzoefu anaweza kuiunda ikatulia. Anayeanza ataumia.

Goliath ilikuwa na urefu wa mita 128 na nusu na upana wa mita 22 na nusu, na ilizama majini karibu mita 8. Ikigawanywa inakuwa na urefu wa sentimita 89, upana wa karibu sentimita 16, na kina cha zaidi ya sentimita 5. Uzani wake unaruhusiwa kufika kilo 4 na nusu hivi. Hapa, msomaji, ndipo mwanafunzi anapopumua. Ukitoa kilo moja ya mbao na gundi, na kilo nyingine ya betri, mota na pampu, bado unabaki na kilo mbili na ushei. Uzani huo utautia wewe mwenyewe chini kabisa, kwa vipande vya chuma vilivyolazwa kando ya mkuku. Meli yenye uzani chini haipinduki ovyo.

Fauka ya hayo, urefu wa Goliath haufiki mara sita ya upana wake. Meli fupi na pana hugeuka upesi, na katika mchezo huu anayegeuka upesi ndiye anayemkwepa adui. Ilikuwa na rafadha mbili tu, kwa hivyo mota mbili zinatosha.

Je, si afadhali kuchagua kubwa zaidi? Kuna wanaoitamani Yamato ya Japani, manowari kubwa ya Vita Vikuu vya Pili. Ikipunguzwa kwa kipimo hiki ina urefu wa mita 1.83 na uzani wa zaidi ya kilo 20. Utaipandisha matatu gani kutoka Ruiru hadi Thika? Kondakta atakudai nauli ya watu wawili, na ikizama utahitaji watu wawili kuiopoa. Wengine watataka meli zetu wenyewe, kama KNS Nyayo na KNS Umoja, meli za makombora zilizoletwa kutoka Uingereza miaka ya 1980. Nia ni njema, lakini kwa kipimo cha 144 meli hizo huizidi rula moja ya darasani kwa kidogo tu, nazo hazibebi kitu. Zihifadhi kwa ajili ya kabati ya maonyesho.

Jambo moja la kukumbuka: klabu za ng'ambo zina orodha zao za meli zinazoruhusiwa na miaka yake. Goliath ilianza kazi mwaka 1900, kwa hivyo iko mpakani. Ukiwa na nia ya kufuata kanuni za klabu ya nje siku zijazo, soma orodha yao kwanza. Mbadala mzuri ni Invincible ya Uingereza, iliyoanza kazi miaka kadhaa baadaye. Hiyo inapopunguzwa huwa na urefu wa mita 1.2, upana wa kati ya sentimita 16 na 17, na uzani wa karibu kilo 6. Ni kubwa kidogo, lakini tabia yake ni ile ile ya upole.

Maji badala ya gololi

Wazazi, hapa tegeni sikio. Bomba linalorusha gololi ya chuma kwa nguvu ya gesi linaweza kumtoa mtoto jicho. Wanaocheza hivyo ng'ambo huvaa miwani maalumu, tena chini ya usimamizi. Nchini Kenya silaha husimamiwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na kuunda chombo cha kurusha chuma si jambo la kuamuliwa sebuleni. Asiyewauliza polisi kwanza asithubutu.

Lakini mchezo haufi kwa kukosa gololi. Pampu ndogo ya kunyunyizia maji kioo cha mbele cha gari hutumia volti 12 na hurusha maji mbali vya kutosha. Ifunge ndani ya meli, mdomo wake wa kunyonya utokeze chini ya tumbo, na kipaji chake kipite ndani ya mzinga. Meli itapiga kwa maji ya bwawa lenyewe, haitaishiwa risasi.

Sasa kila meli iwekewe bakuli lililo wazi katikati ya deki, la ukubwa mmoja kwa wote, lenye alama nyekundu kwenye robo lita. Adui akikurushia maji mpaka yafike kwenye alama, umeshindwa. Hakuna ubishi, kwa maana kila mtu anaona.

Umeona jinsi bakuli hilo linavyorudisha maneno yetu ya kwanza? Robo lita ya maji ni gramu 250, tena ziko juu, na maji hayakai mahali pamoja. Meli ikiinama kidogo, maji hukimbilia upande ulioinama na kuuzidisha. Kwa Severn, hizo ni zaidi ya nusu ya uzani wake wote. Kwa Königsberg ni moja kwa tano. Kwa Goliath hazifiki hata moja kwa kumi na tano, nayo ni pana. Itainama, itasita, itarudi.

Vifaa na mafundi

Thika ni mji wa viwanda, na aliye Thika au Ruiru hana haja ya kuagiza kila kitu. Plaiwudi ya milimita 6 kwa mataruma na ya milimita 3 kwa mbavu, gundi isiyoyeyuka majini, msasa na rangi ya mafuta hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Pampu ya kioo utaipata kwa wauza vipuri vya magari, na iliyotumika inafaa pia almuradi haivuji. Mafundi wa jua kali wanaorekebisha mabodi ya matatu hujua kazi ya fiberglasi kuliko kitabu chochote. Waombe wakufunze kulainisha omo na tezi ya meli, mahali ambapo ubao hukataa kupinda. Kazi hiyo ifanyiwe nje, penye hewa, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa.

Rimoti si lazima iwe mpya. Gari la kuchezea lililovunjika magurudumu lakini redio yake ikawa hai linaweza kukupa usukani na mwendo. Fundi wa redio atakusaidia kuweka swichi ya pampu. Kumbuka tu kwamba waya wa kunasia mawimbi ukae juu ya maji, na umeme wote uwe wa betri. Waya wa stima ya nyumbani usikaribie bwawa hata kidogo.

Michoro ya meli za daraja la Goliath, linaloitwa Canopus, itafute kabla ya kununua ubao. Itakutosha picha moja ya ubavuni na moja ya kutoka juu. Ipeleke kwenye duka la fotokopi ikuzwe mpaka urefu ufike sentimita 89, kisha kata mataruma yako kwa kuifuata.

Tumbo likikamilika, usikimbilie kuweka mota. Liweke majini likiwa tupu, panga vyuma chini mpaka maji yafike kwenye mstari unaotakiwa, weka bakuli juu na ulijaze. Kisha isukume meli ubavuni kwa kidole. Ikirudi yenyewe, endelea na kazi. Ikilala, ongeza uzani chini au shusha bakuli. Jaribio hilo la dakika tano huokoa kazi ya mwezi mzima.

Uwanja wa vita

Tumefika kwenye jambo ambalo halina mzaha. Thika, Juja na Ruiru zimejengwa kwa mawe yaliyochimbwa papa hapa, na matimbo yaliyoachwa wazi hujaa maji ya mvua. Maji hayo hayana ufuo. Hatua moja ni kifundo cha mguu, ya pili ni kina kisichojulikana. Watoto wamekufa humo. Meli ikizama timboni, mwenyewe atataka kuifuata, na hapo ndipo msiba huanzia. Timbo si uwanja wa mchezo huu, hata kama jirani anasema analijua.

Mito ya Chania na Thika nayo, ile inayopendeza macho ya wageni pale Blue Posts, ina maporomoko na mkondo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, ni maji ya kunywa ya wakazi wa Nairobi. Yote hayo yaacheni.

Kilicho bora ni kidimbwi cha watoto katika hoteli au taasisi yenye bwawa la kuogelea, kwa ruhusa ya mwenyewe na kwa saa ambayo hakuna anayeoga. Au tengenezeni chenu: nailoni nzito inayotumiwa na wakulima kutandika mabwawa, ikiwa imezungushiwa magunia ya udongo. Uwanja wa mita 6 kwa 4, wenye kina cha sentimita 25, unachukua lita 6,000, sawa na mapipa 30 ya lita 200. Ni maji mengi kwa mitaa yenye mgao, kwa hivyo familia tatu zishirikiane, na mchezo ukiisha yamwagiliwe sukuma wiki. Kanuni ni mbili: maji yasipite magoti ya mtoto mdogo aliyepo, na mtu mzima asiondoke hapo mpaka yamalizike kutolewa. Mtoto mchanga huzama hata kwenye beseni.

Basi, msomaji, tukirudi kwenye swali letu, jibu lake si jina la meli iliyovuma. Jiulize mambo matatu: upana wake ni kiasi gani ukilinganisha na urefu, uzani wake unakuachia nafasi gani baada ya betri, na je, utaibeba peke yako kutoka majini? Kwa maswali hayo Goliath, iliyoshindwa kuingia Rufiji, inazipita wenzake zote kidimbwini.

Meli yenyewe haikuiona siku Königsberg iliposhindwa. Ilizamishwa na Waturuki huko Dardanelles mnamo Mei 13, 1915, ikafa na mabaharia zaidi ya 500. Mwambie mtoto hayo pia anapoipaka rangi. Halafu yake ikizama, aiopoe, aikaushe, na Jumapili ijayo arudi nayo.